UZI: Ahmedabad, mji wa nyuzi tatu: historia, viwanda na namna ya kuutembea

Nahodha_Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Watu wetu wanakwenda Ahmedabad kwa matibabu, kwa masomo na kununua vitambaa na mashine. Wengi wakirudi wanasimulia hospitali, hoteli na maduka makubwa, yaani upande wa magharibi wa mto Sabarmati. Mji wa kale uko ng'ambo, upande wa mashariki, na wanaupita kwa gari wakielekea stesheni. Naona ni hasara kubwa, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mwenye ujuzi wa eneo lolote ashushe, mradi awe na uhakika.

Naanza na msingi. Mji uliasisiwa mwaka 1411 na Sultan Ahmad Shah wa Kwanza wa Gujarat, aliyehamishia makao yake hapo kutoka Patan. Palikuwa na makazi ya zamani zaidi, Ashaval na Karnavati. Ngome ya Bhadra ilikuja kwanza, kisha mlango mkuu wa matao matatu, Teen Darwaza, na kutoka hapo barabara inakwenda moja kwa moja hadi Msikiti wa Ijumaa, Jama Masjid, uliokamilika 1424. Una nguzo 260 na makuba 15. Ukitafuta minara yake hutaiona. Iliangushwa na tetemeko la 1819.

Nyuma ya msikiti kuna kaburi la Ahmad Shah, na baada yake Manek Chowk, sokoni. Ikulu, mlango, msikiti, kaburi, soko: vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja wa kutembea kwa miguu. Ukuta wa nje ulijengwa na Sultan Mahmud Begada mwishoni mwa karne ya 15, ukiwa na milango 12. Sehemu kubwa ya ukuta imebomolewa, ila milango kadhaa ipo, kama Delhi Darwaza, Dariyapur, Sarangpur, Raipur na Astodia, magari yakiizunguka pande zote.

Akbar, mfalme wa dola ya Mughal, aliuteka 1572 na 1573, ukawa chini ya dola hiyo. Baadaye wakaja Maratha, dola nyingine ya Kihindi, katikati ya karne ya 18, na Waingereza wakashika rasmi mwaka 1818. Julai 2017 UNESCO iliuandikisha mji wa ndani ya ukuta kuwa Urithi wa Dunia, mji wa kwanza wa India kupata hadhi hiyo.

Wenyewe wana usemi kwamba Ahmedabad unaning'inia kwa nyuzi tatu: dhahabu, hariri na pamba. Usemi huo ni ramani nzuri ya mji, kwa hiyo naomba wenye ujuzi wa nguo na viwanda waanzie hapo.

---

FundiRangi

Mzee Nahodha, umefungua mlango mzuri. Nashuka na viwanda.

Kiwanda cha kwanza cha kusokota uzi kwa mvuke kilianza kazi Mei 1861, kikiwa na vijiti vya kusokotea uzi (pia) 2,500. Mwanzilishi ni Ranchhodlal Chhotalal, ambaye hakuwa mhandisi wala mfanyabiashara wa pamba. Alikuwa mtumishi wa serikali. Mitambo ililetwa kwa meli hadi Khambhat, ikavutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe, maana reli kutoka Bombay ilifika 1864.

Watu huuliza kwa nini viwanda vilishamiri pale. Bandari hakuna, makaa ya mawe hakuna, na hewa ni kavu. Hewa kavu ni adui wa uzi wa pamba: unakakamaa na kukatika kwenye mtambo, kwa hiyo viwanda vililazimika kunyunyiza mvuke ndani ya kumbi saa zote. Mfanyakazi alishinda kwenye joto lenye unyevu.

Jibu ni mtaji wa wenyeji na kuaminiana. Wafanyabiashara walikuwa na vyama vyao, mahajan, vilivyosimamia bei, ubora na migogoro kwa karne nyingi kabla ya kampuni za kisasa. Viwanda vya Ahmedabad viliendeshwa kwa akiba za wenyeji walioweka fedha zao moja kwa moja kiwandani. Mwaka 1725, jeshi la Maratha lilipotaka kuupora mji, Nagarsheth Khushalchand, mkuu wa wafanyabiashara, alilipa fidia kwa mali yake. Wenzake wakamwandikia yeye na kizazi chake robo ya asilimia ya thamani ya bidhaa zote zilizogongwa mhuri mjini. Mji wenye desturi ya namna hiyo hauhangaiki kutafuta mtaji.

Msukumo mwingine ukaja 1905 na harakati za Swadeshi, watu walipoacha nguo za Uingereza.

Mgomo wa 1918 lazima utajwe. Tauni ya 1917 ilipofukuza wafanyakazi, wenye viwanda waliwapa wafumaji bonasi ya tauni ili wabaki. Tauni ilipopungua, bonasi ikafutwa, na wakati huo huo bei za vita zimepanda. Wafanyakazi walitaka nyongeza ya asilimia 50, waajiri wakatoa 20, Gandhi akashauri 35. Wafanyakazi waliongozwa na Anasuya Sarabhai. Waajiri waliongozwa na mdogo wake mwenyewe, Ambalal Sarabhai. Mikutano ilifanyika kila siku chini ya mti kando ya mto. Ari ilipoanza kushuka, Gandhi alifunga kula kwa siku tatu. Mapatano yalikuwa ya aina yake: siku ya kwanza asilimia 35, siku ya pili 20, kuanzia ya tatu 27.5 hadi msuluhishi aamue. Msuluhishi, Anandshankar Dhruva, akaamua 35.

Kutoka hapo kikazaliwa chama cha wafanyakazi wa nguo mwaka 1920, na kutoka ndani ya chama hicho Ela Bhatt akaanzisha SEWA mwaka 1972 kwa ajili ya wanawake wasio na mwajiri: wabeba mizigo wa soko la nguo, washonaji wa majumbani, waokota karatasi. Benki yao ilianza 1974.

Viwanda vikubwa vilikufa miaka ya 1980 na 1990. Viwanda vile vilikuwa na kila hatua chini ya paa moja, kuanzia kusokota hadi kupaka rangi, vikiwa na mitambo michakavu. Vikashindwa kushindana na karakana ndogo za mitambo ya umeme, hasa za Surat, na vitambaa vya sintetiki. Ukipita Gomtipur, Saraspur na Asarwa utaona mabomba ya moshi ya matofali yamesimama peke yake. Waliookoka ni waliobadilika: Arvind, kampuni ya 1931, iligeukia denimu miaka ya 1980.

---

Mwangalizi254

Asante FundiRangi. Swali: hivi hawa Wahindi wetu wa Nairobi, Mombasa na Dar walitoka Ahmedabad? Na kanga zile za "made in India" ndizo zilitoka huko?

---

Nahodha_Mstaafu

Mwangalizi254, wengi hawakutoka Ahmedabad. Walitoka sehemu nyingine za Gujarat: Kachchh (Mandvi, Bhuj), Jamnagar, Porbandar. Wapatel wengi wa Kenya na Uganda asili yao ni Charotar, eneo la Nadiad na Anand, kusini-mashariki mwa Ahmedabad, ambako watu wa mashambani walitoka kutafuta kazi za reli na maduka. Kaniki ya zamani ilitoka Kachchh. Kanga za India huchapwa Jetpur, Gujarat, na Balotra, Rajasthan. Ahmedabad ulikuwa mji wa fedha, wa dhoti na sari za pamba laini.

Kiungo cha kweli na pande zetu za Afrika kiko kwenye jiwe, tena katikati ya mji. Msikiti wa Sidi Saiyyed, karibu na Lal Darwaza, ulijengwa 1573 na Mhabeshi aliyefika Gujarat kutoka Yemen na kupanda cheo katika utumishi wa majemadari, mmoja wao Mhabeshi mwenzake. Ulikamilika mwaka uleule Akbar anautwaa mji. Umaarufu wake ni madirisha ya jali, jiwe lililotobolewa kama lesi. Yale mawili yanayolizunguka dirisha la katikati kwenye ukuta wa kibla yamechongwa mti wenye matawi yanayopishana, na shina lake limesukwa na mti wa jamii ya mitende. Dirisha la katikati lenyewe limezibwa kwa jiwe tupu. Mchoro wa mti huo ndio asili ya nembo ya chuo cha biashara cha IIM Ahmedabad.

Nenda alasiri, jua likiwa magharibi, kwa sababu ukuta wa kibla unatazama huko na mwanga hupenya matundu kuelekea ndani. Wanawake mara nyingi hawaruhusiwi kuingia sehemu ya swala. Jali huonekana vizuri pia kutoka nje, barabarani.

---

BintiShangani

Naomba niongezee nyumba, maana hizi ni kati ya vitu vilivyowapa hadhi ya UNESCO.

Pol ni mtaa wa uchochoro mmoja wenye geti, wakazi wa tabaka au kazi moja, zamani geti likifungwa usiku. Mandvi ni Pol ni kati ya zile kubwa. Ukiingia, angalia vitu vinne. Kwanza otlo, baraza ya mbele ya nyumba. Mtu wa Unguja au Lamu ataitambua bila kuambiwa. Pili chabutro, mnara wa kulishia ndege, umewekwa njia panda. Tatu chowk, ua wa ndani unaovuta hewa ya moto juu. Nne ni tanka, na hapa ninaomba nikae kidogo.

Tanka ni birika la chini ya ua, limepakwa chokaa. Maji ya mvua hushuka kutoka paani kwa bomba. Mvua ya kwanza ya msimu haipokelewi: hutumika kuosha paa, bomba likielekezwa nje. Kisha maji yanaingia. Ahmedabad hupata milimita 750 hadi 800 kwa mwaka, karibu zote kati ya Juni na Septemba. Paa la mita za mraba 60 kwa milimita 750 ni lita 45,000. Toa zinazopotea kwa kumwagika na uvukizi, tuseme moja ya tano, zinabaki 36,000. Familia ya watu wanane wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji lita 29,200 kwa mwaka. Inatosha, bila bomba la manispaa. Birika likiwa gizani, mwani hauoti. Linaloharibu tanka ni ufa kwenye chokaa au mtu kuacha mfuniko wazi. Mwanga ukiingia maji yanageuka kijani.

Milango na vidirisha vya mbao vilivyochongwa vitakukumbusha Stone Town, na si bahati nasibu: milango ya mtindo wa Kigujarati ya Unguja ilitengenezwa na mafundi wa Kihindi.

---

MhandisiKokoto

Dada BintiShangani, umegusa mbao, nami nitoe hesabu ya tetemeko.

Tarehe 26 Januari 2001 saa 2:46 asubuhi, Kachchh ilitikisika kwa kipimo cha 7.7. Ahmedabad uko zaidi ya kilomita 200 kutoka kitovu, lakini maghorofa kadhaa ya zege yaliporomoka na mamia ya watu wakafa. Nyumba za pol, za miaka 100 hadi 200, nyingi zilisimama.

Sababu ni za kiufundi. Nyumba za pol zina mihimili ya mbao iliyolazwa ndani ya kuta za matofali kwa kila kiwango, inafunga ukuta kama mkanda; matofali yakipasuka ukuta hauachani. Zaidi ya hapo zinaegemeana ukuta kwa ukuta. Maghorofa yaliyoanguka mengi yalikuwa na sakafu ya chini iliyoachwa wazi kwa maegesho, nguzo tupu bila kuta. Ghorofa za juu ni ngumu, ya chini ni laini, na mtikisiko wote hukusanyika kwenye nguzo hizo chache. Ongeza vyuma vya kufungia nguzo vilivyowekwa mbali mbali, matangi mazito ya maji juu ya paa, na udongo laini wa mto unaokuza mawimbi. Tunajenga vivyo hivyo Dar na Nairobi leo, na jambo hili linanitia wasiwasi wa kweli.

Hatari ya sasa kwa nyumba za pol ni mchwa, maji yanayovuja, na wamiliki wanaouza mbao za mbele kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Ukitoa mhimili mmoja wa mbao ukaweka chuma na saruji, umekata mkanda.

Kuhusu maji mengine: Adalaj, kilomita 18 kaskazini, kisima cha ngazi kilichokamilika 1499. Kilianzishwa na Rana Veer Singh wa ukoo wa Vaghela, kikamaliziwa zama za Mahmud Begada. Ghorofa tano kwenda chini, ngazi tatu za kuingilia zinazokutana. Jua la moja kwa moja hufika chini kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri, ndiyo maana kunakuwa na ubaridi. Ukitaka pasipo na umati, nenda kisima cha ngazi cha Dada Harir, Asarwa, ndani ya mji.

---

FundiRangi

Niruhusiwe nirudi kwenye kitambaa, maana kuna kazi moja ya Ahmedabad ambayo watu huinunua kwenye maduka ya zawadi bila kujua wanachonunua: Mata ni Pachedi, kitambaa cha mungu wa kike. Jamii ya Vaghri, iliyozuiwa kuingia hekaluni, ilijitengenezea hekalu la kitambaa. Rangi asilia ni nyekundu, nyeusi na nyeupe ya pamba.

Hatua zake: Pamba mbichi huoshwa mpaka wanga wote utoke, la sivyo rangi haiingii sawasawa. Kisha huloweshwa kwenye maji ya harda, tunda kavu lenye tanini nyingi, na kitambaa kinageuka manjano hafifu. Nyeusi hutokana na vyuma vikuukuu vyenye kutu, vikiwekwa kwenye maji na sukari guru kwa takriban wiki mbili mpaka vichachuke. Maji hayo huzidishwa uzito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Chuma kikikutana na tanini, papo hapo inakuwa nyeusi. Mistari huchorwa kwa kalamu ya mwanzi, pindo hupigwa kwa mihuri ya mbao. Sehemu za kuwa nyekundu hupakwa shabu, ambayo haina rangi. Ukitazama huoni kitu.

Kisha inakuja hatua inayoharibu kazi nyingi: kuosha kwenye maji yanayotiririka. Kitambaa hulazwa juu ya mkondo wa Sabarmati ili shabu iliyozidi ichukuliwe mbali. Maji yakiwa yametuama, shabu inatawanyika na kukaa kwenye nyeupe, halafu kitambaa kikichemshwa na alizarini, rangi nyekundu, mandhari yote inakuwa ya waridi. Kwenye sufuria huongezwa maua ya dhavdi ili rangi isishike kwa mabaka. Chuma kikizidi ukali, nyeusi inakula uzi na baada ya miaka mistari inatoboka.

Namna ya kutambua halisi: geuza upande wa nyuma, mstari mweusi uwe umepenya, kitazame dhidi ya mwanga, mstari wa mkono una unene unaobadilika, wa mashine hauna.

---

Mwangalizi254

Wakuu hii ni shule. Sasa upande wa kununua jora za kitambaa kwa biashara, na ratiba ya siku moja au mbili?

---

FundiRangi

Jumla nenda New Cloth Market, upande wa Raipur na Sarangpur, au Maskati Market karibu na Kalupur. Kabla ya kulipa:

Uliza upana. Kuna inchi 44 na inchi 58, na bei ya mita haina maana bila upana. Chomoa nyuzi za pande zote mbili uzichome: pamba huacha jivu jepesi linalosagika, poliesta huacha kishanga kigumu. Mara nyingine uzi wa urefu ni pamba na wa upana ni mchanganyiko, ndiyo maana uchome pande zote mbili. Sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya rangi mara ishirini. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue kwa maji moto, kipime tena kikikauka. Fungua jora hadi katikati, kwani kasoro hufichwa huko. Dai ankara yenye kodi. Bila hiyo, forodha ya bandarini kwenu watakukadiria wanavyotaka.

---

BintiShangani

Ratiba. Msimu ni Novemba hadi Februari. Mei si wakati wa kutembea: tarehe 20 Mei 2016 ilifika nyuzi joto 48. Baada ya wimbi la joto la 2010 lililoua watu wengi, manispaa ilitoa mpango wa kukabiliana na joto mwaka 2013, wa kwanza Asia Kusini, wenye tahadhari kwa wakazi, mafunzo ya wahudumu wa afya na, baadaye, kupaka paa chokaa nyeupe.

Asubuhi ya kwanza chukua matembezi ya urithi ya manispaa, yaliyoanza 1997. Yanaanzia hekalu la Swaminarayan, Kalupur, mapema asubuhi, na kuishia Jama Masjid baada ya takriban saa mbili na nusu. Yanapita ndani ya pol ambazo peke yako utapotea. Metro ina vituo vya chini ya ardhi Kalupur na Gheekanta, ukitoka tu uko mjini. Vaa viatu vya kuvua kwa urahisi, mabega na magoti yafunikwe. Epuka Jama Masjid saa za swala, hasa Ijumaa mchana. Ukitoka, pitia Rani no Hajiro, makaburi ya malkia, yaliyozungukwa na maduka ya nguo za kina mama.

Makumbusho ya nguo ya Calico, Shahibaug, yaliyoanzishwa 1949, hayaingiliki hivi hivi. Weka nafasi mapema, siku nyingi kabla. Kundi ni dogo, picha haziruhusiwi, na Jumatano hufungwa. Ukienda bila nafasi utarudishwa getini.

Manek Chowk ina maisha mawili: mchana wauza vito, usiku kuanzia kama saa tatu meza za chakula hadi baada ya saa sita. Chakula ni cha mboga. Pombe imepigwa marufuku jimboni. Mgeni wa kigeni anaweza kuomba kibali kwa pasipoti.

---

Nahodha_Mstaafu

Dada ameeleza vizuri. Mimi naongeza mawili.

Ashram ya Sabarmati: Gandhi alianza Kochrab mwaka 1915, akahamia Sabarmati 1917. Tarehe 12 Machi 1930 aliondoka hapo na wenzake 78 kwenda Dandi, zaidi ya kilomita 380 kwa miguu, kupinga kodi ya chumvi. Hakuna kiingilio. Nyumba yake, Hriday Kunj, ina vyumba vidogo sana. Jengo la makumbusho lilichorwa na Charles Correa, 1963. Ipe saa mbili, si dakika ishirini. Ukiwa kando ya mto, jua kwamba maji unayoyaona yameletwa na mfereji wa Narmada. Sabarmati wenyewe hukauka sehemu kubwa ya mwaka.

Pili, Uttarayan, 14 Januari, siku ya vishada. Uzi wa manjha hupakwa mchanganyiko wa unga wa kioo, uji wa mchele na rangi, ukivutwa kati ya nguzo barabarani. Mikono ya watengenezaji hufungwa vitambaa na bado hukatika. Ukikodi pikipiki wiki hiyo, funga skafu nene shingoni na uulize iwekwe waya wa upinde mbele ya usukani, kwani uzi unaoning'inia hukata koo. Uzi wa nailoni umepigwa marufuku, ukiuziwa, kataa. Hoteli za mji wa kale hujaa, na wenye nyumba za pol hukodisha paa zao kwa siku hiyo, kwa hiyo weka nafasi kuanzia Novemba.

---

Mwangalizi254

Mzee, na viwanda vya leo? Nina mtu anatafuta dawa na kemikali.

---

MhandisiKokoto

Dawa: Zydus, Torrent na Intas zote makao yao makuu ni Ahmedabad. Kemikali na rangi: maeneo ya viwanda ya Vatva, Naroda na Odhav, mashariki. Magari: Sanand, ambako Tata walihamishia kiwanda cha Nano walipoondoka Singur mwaka 2008. Sabuni ya Nirma nayo ilianzia mji huu, 1969.

Mwambie mtu wako, kabla ya kuagiza rangi au kemikali kutoka Vatva, aombe cheti cha uchambuzi cha kila kundi la uzalishaji, si cha bidhaa kwa jumla, na achukue sampuli kutoka kwenye pipa lililofungwa, siyo ile ya mezani. Kwa rangi za nguo aulize nguvu yake kwa asilimia dhidi ya kiwango, kwa sababu chumvi huongezwa kupunguza makali, na rangi ya asilimia 60 kwa bei ya 100 ndiyo hasara inayotokea sana. Kwa dawa za binadamu, aanze na mamlaka ya dawa ya nchi yake: kama bidhaa haijasajiliwa nyumbani, shehena itazuiwa bandarini hata kama karatasi za India zimekamilika.